Mdhamini wa kodi ya nyumba hana ufunguo wa chumba chako

Mwenye nyumba anampigia simu mdhamini: "Kijana wako hajalipa kodi, halafu siku hizi analaza wageni." Jioni hiyo mdhamini, mara nyingi mjomba, kaka au bosi wa kazini, anafika, anapewa ufunguo wa akiba na kuingia chumbani kukagua. Mpangaji hayupo.

Kwenye nyumba nyingi za kupanga hapa Tanzania jambo hili linaonekana la kawaida tu. Kisheria si hivyo.

Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 inalinda faragha ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Haijasema ni kwa wenye nyumba zao pekee. Chumba ulichopanga ni maskani yako.

Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa utulivu, mradi analipa kodi na kufuata masharti ya mkataba. Anaweza kuingia kukagua hali ya nyumba, ila kwa muda unaofaa na bila kumsumbua mpangaji pasipo sababu. Hiyo ni ruhusa ya kuangalia bati linalovuja. Kupekua kabati au kuhesabu wageni ni habari nyingine.

Hapo tunazungumzia mwenye nyumba. Mdhamini hata hiyo ruhusa ya kukagua hana.

Anachodaiwa mdhamini

Dhamana inaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mdhamini ameahidi kulipa iwapo mpangaji atashindwa, basi. Lakini ahadi hiyo ina meno: kama mkataba haujasema vinginevyo, mwenye nyumba anaweza kumfuata moja kwa moja bila kumshitaki mpangaji kwanza. Wanaosaini "kama shahidi tu" wasome vizuri karatasi, maana shahidi na mdhamini ni watu wawili tofauti.

Mipaka nayo ipo, na hapa ndipo wengi hupigwa. Tuseme ulimdhamini mtu kwa kodi ya Sh150,000 kwa mwezi. Baadaye yeye na mwenye nyumba wakakubaliana Sh200,000 bila kukushirikisha. Wengi hudhani mdhamini anaepuka ile Sh50,000 iliyoongezeka tu. Hapana. Masharti yakibadilishwa bila ridhaa yake, anaachiliwa kwa yote yanayofuata baada ya mabadiliko hayo. Madeni ya nyuma ndiyo yanabaki.

Vilevile, kama mpangaji alikuwa na malimbikizo ya zamani na mwenye nyumba akayaficha makusudi ili apate saini, dhamana hiyo haina nguvu. Na ikiwa ni dhamana inayoendelea, kwa mfano kodi inayolipwa mwezi hadi mwezi bila kikomo, mdhamini anaweza kumpa mwenye nyumba taarifa ya kujitoa kwa kodi zijazo. Iandikwe, simu hukanushwa.

Aambiwe nini, asiambiwe nini

Mdhamini ana sababu ya kujua deni ni kiasi gani na ni la miezi mingapi. Nani analala kwa mpangaji, anarudi saa ngapi au anaumwa nini, hayo hayahusiani na kodi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo lililozikusanya. Nakala ya kitambulisho cha NIDA na namba ya simu ya mdhamini vilichukuliwa kwa ajili ya mkataba. Dalali kuzisambaza, au mwenye nyumba kubandika majina ya wadaiwa kwenye grupu la WhatsApp la wapangaji, ni kujitafutia kesi. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mdhamini akishalipa

Akilipa deni lote, mdhamini anashika nafasi ya mwenye nyumba katika kudai, na mpangaji anawajibika kumrudishia. Atunze risiti au ujumbe wa muamala, atamwandikia mpangaji na ikibidi watafikishana mahakamani. Haki hiyo ni ya kudai pesa. Haimpi ruhusa ya kubadilisha kufuli, kubeba televisheni na friji, wala kutoa vyombo vya mtu nje.