Kutoka Kigarama hadi Samunge: Historia ya Dawa Isiyothibitishwa Mkoani Kagera

Mwezi Machi 2011, magari yaliyosheheni wagonjwa yalielekea Samunge, kijiji cha Loliondo ambako Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Saratani ilikuwa miongoni mwa magonjwa aliyodai kuyaponya. Mawaziri walikunywa, wabunge walikunywa, na vyombo vya habari vikaripoti vifo zaidi ya 50 vya watu waliokuwa wakisubiri zamu. Kwa mtu wa Bukoba au Muleba, safari ile ilimaanisha kwanza kuvuka ziwa au kulizunguka, kisha kuanza njia ya nyika, na mgonjwa amelazwa kiti cha nyuma. Sisi wasomi tuliwacheka wasafiri hao. Leo nadhani tulicheka kwa sababu hatukuwa tumeisoma historia ya mkoa wanakotoka.

Tuanzie Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, mwaka 1907. Ugonjwa wa malale ulikuwa umekwisha kuua watu wengi mno upande wa Uganda, na Wajerumani wakafungua kambi ya wagonjwa Kigarama. Dawa waliyoitegemea iliitwa Atoxyl, yenye asili ya zaranikha, ambayo Robert Koch alikuwa ametoka kuijaribu kwa wagonjwa wa visiwa vya Ssese. Koch hakuwa mganga wa njiani. Alikuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Hata hivyo dawa yake ilikuwa bado haijathibitishwa, na alipoongeza kipimo baadhi ya wagonjwa walipofuka. Kigarama nako watu walikuja kwa matumaini, wakapata nafuu ya muda, na wengi walipoona hali inarejea palepale wakajiondokea. Kwa hiyo tiba ya kubahatisha ilifika Kagera ikiwa imevaa koti jeupe, ikiwa na ruhusa ya serikali. Tofauti yake na kikombe cha Samunge ni moja, nayo si ndogo: waliopofuka waliandikwa. Daftari lile, ambalo kwa hakika wagonjwa hawakuulizwa kama wanataka kuingizwa humo, ndilo lililofanya ijulikane kwamba dawa inadhuru.

Miaka 76 baadaye, mwaka 1983, wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Wananchi walikuwa wameuona ugonjwa huo na kuupa jina, Juliana, kutokana na vazi la magendo lililopendwa siku zile za biashara ya mpakani. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi ulianza mwaka 2004. Hesabu mwenyewe, msomaji: miaka 21 ya kuuguza bila dawa. Katika miaka hiyo watu wa Kagera waliifahamu pia saratani kwa sura ya kutisha, yaani yale madoa na uvimbe wa ngozi ambao madaktari huuita Kaposi sakoma. Ng'ambo ya mpaka, huko Ssembabule, mwaka 1989 maelfu walimfuata mwanamke aitwaye Nanyonga aliyegawa udongo wa kuponya. Mwaka uliofuata Rais Moi wa Kenya akaitangazia dunia dawa ya Kemron iliyotoka katika taasisi ya utafiti ya serikali yake. Majaribio ya baadaye hayakuithibitisha. Udongo wa mwanamke wa kijijini na vidonge vya ikulu vilifika mahali pamoja.

Mkoa uliopitia hayo hauwezi kuambiwa tu "msidanganyike". Familia inayokaa leo kikao Kamachumu au Kanyigo kuamua habari ya mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa haikai kwa ujinga. Inakaa kwa sababu mgonjwa, kama walivyo wengi nchini, alifika hospitali katika hatua ya tatu au ya nne. Kwa sababu Bugando iko ng'ambo ya ziwa, na Ocean Road iko zaidi ya kilometa 1,000. Na kwa sababu neno la mwisho walilopewa lilikuwa "mrudisheni nyumbani". Ndipo jirani anapotaja mtaalamu mwenye unga wa majani. Fedha haipo, ila kibanja kipo. Hapo asiyekuwa Mhaya anaweza asielewe uzito wake. Kibanja ni migomba, na ni makaburi pia. Kukiuza ili kununua unga ni kuuza mahali ambapo mama mwenyewe anatarajia kuzikwa.

Sisemi mitishamba haina kitu. Vinkristini, dawa inayotumika hospitalini dhidi ya saratani kadhaa, ikiwemo hiyo ya Kaposi, ilitokana na vinka, ua la asili ya Madagaska ambalo wengi wetu tumelipanda uani kwa urembo tu. Lakini njia ya kutoka uani hadi kwenye sindano ilipitia kuhesabu: nani alipona, nani alidhurika, kwa kipimo gani. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga. Basi wanakikao wana haki ya kumwuliza mtaalamu yule swali ambalo Samunge halikuulizwa. Waliokunywa dawa yako wakafa, umewaandika wapi?

Hata hivyo swali hilo halimpunguzii mama maumivu usiku huu, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaotaka waganga wakamatwe na mambo yaishie hapo. Uganda, tangu hospisi ya Kampala ilipoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, mofini ya maji imekuwa ikitengenezwa kwa gharama ndogo na kupelekwa hadi majumbani. Na tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Mofini haiponyi saratani, wala anayeitoa hadai hivyo. Humwezesha mgonjwa kulala, kula kidogo, na kukaa na wanawe kikaoni akasema mwenyewe kama anataka kibanja kiuzwe. Kutoka Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ni takriban kilometa 80. Ningependa kusikia kutoka kwa watumishi wa afya wanaosoma ukurasa huu: katika zahanati unayofanyia kazi, chupa hiyo ipo?