Homoni au Kichocheo?

Vitabu vyetu vya sayansi vina majina mawili kwa kitu kimoja: homoni na kichocheo. Waliochagua kichocheo walikuwa na sababu nzuri. Mwaka 1905 Ernest Starling, mtaalamu wa fiziolojia wa London, alipolitangaza jina homoni alilichukua kutoka kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha au kutia mwendo. Kichocheo basi ni tafsiri aminifu. Hata hivyo mimi nasimama na homoni, na ushahidi wangu ni korodani ya mtoto ambaye bado yu tumboni.

Baina ya mirija ya korodani ambamo mbegu zitatengenezwa kuna seli za Leydig, zilizopewa jina la Mjerumani Franz Leydig aliyezieleza mwaka 1850. Kwa binadamu seli hizi huanza kutoa testosteroni mimba ikiwa na wiki 8 hivi. Ubongo wa mtoto haujafika mahali pa kuagiza lolote. Msukumo mkubwa wakati huo hutoka kwenye kondo la nyuma: ni hCG, ileile inayotafutwa kwenye mkojo mama anapopimwa ujauzito. Hushika kipokezi juu ya seli, lehemu ikaingizwa ndani ya mitokondria, kisha ikageuzwa hatua kwa hatua hadi kuwa testosteroni. Baadaye hCG hupungua, na tezi ya pituitari ya mtoto mwenyewe hushika zamu kwa homoni ya LH, kupitia kipokezi kilekile. Zamu hizi mbili huonekana waziwazi pale ya pili inapokosekana. Mtoto mwenye korodani ambaye pituitari yake haitoi LH huzaliwa mvulana, maana kazi ya mwanzo ilishafanywa. Lakini uume wake huweza kuwa mdogo mno, na korodani zikawa hazijashuka.

Mpaka hapo neno kichocheo halijakosea. Linakosea testosteroni inapokuwa nyingi, kwani hurudi hadi ubongoni na kwenye pituitari na kupunguza LH, yaani agizo lililoizaa. Homoni ileile hujenga misuli huku na kuzima huku. Tukiita kichocheo kitu kinachozima, mwanafunzi afanyeje? Tena neno hilo tayari lina kazi katika kemia, ambako ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha.

Huko kurudi na kuzima wengi wanakuita mrejesho hasi, na hapa pana mtego wa pili. Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, watu wanafuga ng'ombe, na kwa Kiswahili cha mfugaji kuhasi ni kazi ya mikono. Ndama dume anashikwa, koleo la bardizo linabana shingo ya pumbu upande mmoja, halafu upande wa pili, alama zikipishana kidogo ili ngozi isikose damu. Ngozi haichaniki, lakini mishipa iliyo ndani inapondeka, na korodani husinyaa. Testosteroni ikishuka, LH katika damu ya maksai hupanda, maana hakuna tena cha kuizuia. Kwa hiyo kuhasi huondoa mrejesho hasi. Isome sentensi hiyo mbele ya darasa uone nyuso za wanafunzi. Ningependa tuseme mrejesho wa kuzuia, ingawa ni mrefu zaidi.

Maneno haya yana kazi hata kliniki. Mvulana akizaliwa, homoni za kondo hukatika, na pamoja nazo kizuizi kilichokuwa juu ya pituitari yake. LH hupanda tena, na testosteroni hufikia kilele kati ya mwezi wa 1 na wa 3, kisha hushuka kufikia mwezi wa 6 na kubaki chini hadi balehe. Korodani nyingi zilizochelewa kushuka hushuka zenyewe katika miezi hiyo. Muuguzi wa hospitali ya Longisa au Tenwek anaweza kumweleza mama hivi: homoni za mtoto bado zinafanya kazi, mama, tusubiri, akifikisha miezi 6 na korodani hazijashuka, tutamwona daktari wa upasuaji, na upasuaji usipitishe miezi 18.