Nyumba na Majumba: Makazi ya Dar es Salaam Tangu Enzi ya Mjerumani

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani twayajua maneno ambayo kamusi huyaeleza lakini haiyamalizi. Mwanafunzi wangu mmoja hapa Kampala, alipokuwa akisoma hadithi ya maisha ya Dar es Salaam, aliniuliza: "Mwalimu, kama Waswahili ndio wenyeji wa mji, kwa nini Uswahilini ni mtaa wa maskini?" Nilimweleza kazi ya u- mwanzoni mwa neno na ya -ni mwishoni mwake, naye akanishukuru kwa adabu. Kwa hakika alikuwa ameuliza swali la historia, nami nikamjibu kwa sarufi. Makala haya yanakusudia kulipa deni hilo.

Yafaa tuanze na ramani. Mwaka 1914 serikali ya Kijerumani ilitoa kanuni za ujenzi zilizoigawa Dar es Salaam katika kanda tatu. Katika kanda ya kwanza, iliyokuwa karibu na bahari, ziliruhusiwa nyumba za mtindo wa Kizungu tu. Kanda ya pili ilikuwa ya majengo imara, na humo maduka yakastawi. Kanda ya tatu iliachiwa nyumba za miti, udongo na makuti. Kanuni zilitaja vifaa vya ujenzi, lakini zilitenga watu, maana kibarua hakuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe. Waingereza walioutwaa mji wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliuendeleza mgawanyo huo, na watu wakaupa majina yao wenyewe: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Hata Kariakoo, moyo wa kanda ya tatu, imepata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita hivyo.

Katika kanda ya tatu ilistawi nyumba ambayo hakuna mhandisi aliyeichora. Ina baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na uani kuna jiko, choo na kisima au bomba. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Nyumba hii, ambayo wageni waliiona kuwa kibanda tu, ilikuwa makao ya familia kadhaa, akiba ya uzeeni na pato la mjane. Msomaji na aiweke akilini, kwa kuwa ndiyo iliyowapa mahali pa kulala watu wengi zaidi kuliko mipango yote nitakayoitaja.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilianza kuwajengea wafanyakazi wa Kiafrika nyumba za kupanga, kama zile za Ilala na Magomeni. Zikaitwa kota, neno tulilolichukua kwa Waingereza kwa maana ya nyumba za watumishi. Mtu hupewa kota kwa sababu ya kazi yake, na akiacha kazi huiacha na kota. Kota zilikuwa chache, na waliokuja mjini kutafuta ajira waliendelea kupanga vyumba Kariakoo na mitaa mipya iliyoizunguka.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, suala la nyumba halikukawia kushughulikiwa. Mwaka 1962 lilianzishwa Shirika la Nyumba la Taifa, na mwaka 1963 sheria iliwaondolea watu binafsi umiliki wa ardhi wa milele na kuugeuza kuwa wa kukodi kutoka serikalini. Kazi kubwa ya Shirika katika miaka ile ilikuwa kubomoa nyumba za udongo na kuweka mahali pake nyumba za matofali ya saruji na mabati. Nia ilikuwa njema. Viongozi hawakutaka mwananchi huru alale chini ya makuti yanayovuja. Walakini, ukibomoa nyumba moja na kujenga moja, hesabu ya nyumba haikui, hali watu wanaongezeka kila mwaka. Wapangaji wa nyumba iliyobomolewa walilazimika kutafuta vyumba kwingine, na mwenye nyumba akawa na deni la kulipa kidogo kidogo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 utaratibu huo uliachwa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Kisha, mwezi Aprili 1971, Bunge lilipitisha sheria ya kutaifisha majengo ya kupangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Lililopita umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Majengo mengi yalikuwa ya watu wenye asili ya Kiasia, na wengi wao waliihama nchi baada ya hapo. Aliyekabidhiwa majengo hayo aliitwa Msajili wa Majumba.

Hapo yatupasa sisi walimu wa lugha tusimame kidogo. Sheria ilihusu majumba, na jumba ni nyumba iliyokuzwa. Jina lenyewe lilionyesha mpaka wa siasa hiyo: ghorofa za Uhindini zilitwaliwa, ile nyumba ya vyumba sita ikabaki kwa mwenyewe. Kwa mtumishi aliyebahatika kupata fleti ya Msajili, kodi ilikuwa nafuu. Lakini kitu kinachouzwa chini ya bei yake hupata bei ya pili gizani. Aliyetaka kuingia alimpa anayetoka kilemba, nalo likawa neno la nyumba, mbali na kitambaa cha kichwani. Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990.

Wasomaji wa Uganda wataikumbuka njia tuliyoifuata sisi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na mali zao zikawekwa chini ya bodi ya serikali. Tanzania ilipima jengo, Uganda ilimpima mtu. Sheria ya kurudisha mali hizo ilitungwa hapa kwetu mwaka 1982, na kuzirudisha kukachukua miaka mingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tanzania ilibadili mwelekeo. Benki ya Nyumba ilianza kazi mwaka 1973, na kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali iligawa viwanja vilivyopimwa na kufikishiwa huduma, kila mtu ajenge kwa uwezo wake. Viwanja vya Sinza na Kijitonyama vilikusudiwa watu wa kipato kidogo, lakini vingi viliishia mikononi mwa wenye nafasi, ambao ndio waliomudu kujenga. Manzese mambo yalikwenda vingine. Huko watu walikuwa wamekwisha kujenga bila kupimiwa. Serikali ikaziacha nyumba zao na kuingiza barabara na maji. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995. Manzese ipo.

Somo la Manzese halikusahauliwa kabisa. Tangu mwaka 2004 wakazi wa mitaa isiyopimwa ya Dar es Salaam wamekuwa wakipewa leseni za makazi, ingawa ni za muda maalumu tu. Wakati huohuo, kuanzia mwaka 2002, serikali iliwauzia watumishi wake nyumba nyingi zilizokuwa mali ya umma, jambo lililozusha lawama kubwa. Na zile kota za Magomeni zilibomolewa. Kaya 644 zikasubiri miaka mingi, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua maghorofa mapya mahali palepale mwezi Machi 2022. Wapo waliofariki wakiwa bado wapangaji kwingine.

Mwaka 1967 mji ulikuwa na watu wapatao 270,000. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu zaidi ya 5,300,000 katika mkoa wote. Hakuna shirika lililowajengea wote hao. Wengi wamejijengea, chumba baada ya chumba, au wamepanga kwa aliyejijengea. Kwa hiyo naona kwamba serikali ilifaulu pale ilipokitambua kilichokwisha kujengwa na kukiongezea maji, njia na hati, na ilishindwa pale ilipoanza kwa kubomoa.

Nilimweleza mwanafunzi wangu haya yote wiki iliyofuata: kwamba umaskini wa Uswahilini uliandikwa kwanza katika kanuni za ujenzi, kabla ya kuingia katika kamusi. Alinyamaza, kisha akasema kwamba yeye na mama yake wanakaa katika chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho Kampala huitwa muzigo. "Basi sisi nasi twakaa Uswahilini, Mwalimu." Nilimwambia ndiyo, na kwamba mimi pia ni mpangaji. Wenzangu, neno hili litakapotokea darasani, tusiharakishe kulifunga kwa kiambishi. Tuwaulize wanafunzi wanalala wapi, nyumba ni ya nani, na nani aliyeijenga.