Manda, Supu na Wantani: Historia Fupi ya Majina ya Chakula

Katika kazi ya kusanifu istilahi, majina ya vyakula aghalabu hudharauliwa kwa kudhaniwa kuwa ni mambo ya jikoni tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina la chakula lina historia yake, na kwamba likikosewa, chakula chenyewe huharibika.

Tuchukue mfano wa Kilimatinde, wilayani Manyoni. Mahali hapa palikuwa katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na Wajerumani walijenga boma hapo. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipita Saranda na Manyoni, ikapaacha kando. Kwa njia kama hizo, maneno ya pwani yaliingia Ugogo, nchi ya ugali wa uwele na mlenda. "Sambusa", neno lenye asili ya Kiajemi, na "chapati", lenye asili ya Kihindi, yalisafiri pamoja na watu waliovipika vyakula hivyo. Mpishi alijifunza jina na kitu kwa pamoja.

Wantani ya Wachina haikuja hivyo. Reli ya Uhuru, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipita mbali kusini. Jina lenyewe, ambalo kwa Kichina sanifu ni hundun, limetufikia kwa matamshi ya Kikantoni kupitia vitabu vya mapishi vya Kiingereza. Hapa neno limetangulia kitu. Kwa hiyo mfasiri ndiye mwalimu wa pekee wa mpishi.

Huenda mfasiri akaona njia fupi ni kusema "sambusa za supu". Hapana budi tuikatae. Manda za sambusa hubabuliwa kwanza juu ya chuma, zikabanduliwa, zikajazwa, zikafungwa kwa uji mzito wa ngano na kukaangwa katika mafuta. Manda za wantani ni mbichi: unga wa ngano hukandwa, husukumwa mpaka uwe mwembamba sana, hukatwa miraba, hutiwa nyama ya kusaga kidogo, kingo zikalowanishwa maji na kubanwa. Kisha hutokoswa. Mama wa Kilimatinde anayenunua unga huo dukani kwa fedha yake, akiambiwa "sambusa", atavipeleka kwenye mafuta, na hatakosea yeye. Tutakuwa tumekosea sisi.

"Supu", kwa upande wake, yafaa ibaki, kwani Watanzania huielewa kuwa maji ya nyama na mifupa iliyochemshwa, tofauti na mchuzi wa kulia ugali au wali.

Tunapendekeza, basi, "wantani" katika ngeli ya N, "manda mbichi" kwa ganda lake, na "supu ya wantani" kwa chakula kizima. Neno geni moja, likizungukwa na maneno ambayo mpishi anayo tayari, latosha.