Ulaji Halisi wa Mafuta

Mwenye pikipiki ya safari, yaani ile kubwa iliyoundwa kumchukua mtu na mwenzake na mizigo yao kwa mamia ya kilomita pasipo kuwachosha, hakosi kuulizwa kila asimamapo kujaza mafuta: Inakulaje? Swali ni fupi na maana yake haimfichiki mtu, walakini jawabu lake hutegemea aliyeulizwa ametazama wapi, kwa kuwa kiasi alichokiandika mtengenezaji kitabuni, kiasi kinachosomeka kwenye dashibodi, na kiasi kilichotoka tangini kwa hakika, aghalabu havipatani. Hicho cha mwisho ndicho kinachokusudiwa na makala haya, na jina lake liwe ulaji halisi wa mafuta.

Maofisini hupendwa zaidi kusema matumizi ya mafuta, na sina ugomvi na msemo huo mahali pake. Lakini matumizi ni jambo la mtu, ambaye akienda mbali atatumia mafuta mengi hata kama chombo chake kina tumbo dogo, ilhali ulaji ni tabia ya chombo chenyewe, nayo hujulikana kwa kulinganisha mafuta na masafa. Mafundi na waendesha bodaboda wamelitambua hilo siku nyingi bila ya kuagizwa na kamati yoyote. Najua kwamba ulaji ni neno lililokwisha kuingia siasani, hata wako walisikiao wakafikiri posho na tenda kabla ya petroli. Hiyo ni taksiri ya walaji, si ya neno. Sifa ya halisi ndiyo yenye ajabu zaidi. Kwa asili yake ya Kiarabu, halisi ni kitu kisafi kisichotiwa mchanganyiko, na kwa mizani hiyo takwimu iliyo halisi kuliko zote ingekuwa ile ya maabara, ambamo hamna upepo, wala kilima, wala mvua. Lakini Kiswahili kimelivuta neno upande wa ukweli, nasi huita halisi ule ulaji uliochanganyika na kila kitu ambacho barabara humpa msafiri.

Takwimu ya kitabuni haitungwi kwa hila, kama wengi wanavyodhani. Hutokana na jaribio lijulikanalo kwa herufi WMTC, ambalo liliingizwa katika kanuni za Umoja wa Mataifa mwaka 2005, na ambamo pikipiki huwekwa juu ya rola na kuendeshwa kwa ratiba iliyopangwa sekunde kwa sekunde: kwa pikipiki kubwa ni vipande vitatu vya dakika 10 kila kimoja, cha kwanza kikiwa mwendo wa mjini na cha tatu kikifikia takriban kilomita 125 kwa saa. Na hata huko mafuta hayapimwi kwa kibaba. Moshi hukusanywa, kaboni iliyomo ikahesabiwa, na kwa hesabu hiyo ikajulikana petroli iliyoungua. BMW R 1250 GS, ambayo ni mfano mashuhuri wa pikipiki za namna hii, imeandikiwa lita 4.75 kwa kilomita 100. Kiasi hiki humfaa mnunuzi anayelinganisha pikipiki mbili, maana zote zimepita mtihani mmoja. Kwa msafiri faida yake huanza kupungua mara tu masanduku ya pembeni yanapofungwa. Kizuizi cha hewa hukua kwa mraba wa mwendo, basi atokaye kilomita 90 kwa saa akapanda hadi 120 ameongeza mwendo kwa theluthi moja tu, lakini hewa humzuia kwa nguvu inayokaribia mara 1.8 ya ile ya awali.

Dashibodi nayo ina mambo yake. Namba inayoonekana pale huaminiwa kuwa ni kipimo, na kwa hakika ni kisio, maana hakuna chombo ndani ya tangi kinachopima mafuta yanayotoka. Kompyuta ya injini huamuru nozeli zifunguke kwa vipande vidogo vya sekunde, nayo, ikiujua muda huo na ikidhani kwamba nozeli hupitisha leo kiasi kile kile zilichopitisha zilipokuwa mpya, huzidisha na kujumlisha. Masafa huyapata kwa kuhesabu mizunguko ya gurudumu na kuizidisha kwa mzingo wa tairi ambalo haijapata kuliona. Tairi la nyuma la 170/60 lenye rimu ya inchi 17 lina kipenyo cha milimita 636 hivi. Likilika milimita 5 za mpira wake wa juu, kipenyo hupungua milimita 10, na kilomita 100 za kweli, kwenye pikipiki inayohesabu kwa gurudumu hilo, huandikwa 101 na nusu. Mafuta yale yale yakigawanywa kwa kilomita nyingi kuliko zilizokwendwa, ulaji huonekana mdogo, na mwenye pikipiki hufurahi bure.

Hapa sharti niondoe dhana moja. Spidomita, ambayo Otto Schulze wa Strasbourg aliipatia hataza mwaka 1902, imeruhusiwa kisheria kutia chumvi. Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa husema kwamba kasi inayoonyeshwa isiwe kamwe chini ya ile ya kweli, na ikizidi, isizidi kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya kasi ya kweli pamoja na kilomita 4. Basi aendaye 100 kwa haki yamkini akasomewa hata 114, na mtengenezaji asiwe na hatia. Odometa haikukusudiwa kutiwa chumvi hiyo, na ijapokuwa habari za vyombo hivi viwili mara nyingi hutoka gurudumu moja, kosa la masafa aghalabu ni dogo kuliko kosa la kasi. Anayeyapunguza masafa yake kwa kadiri ya kosa la spidomita hutia ghalati juu ya ghalati.

Njia ya kuupata ulaji halisi ni ya kale na haina gharama: jaza tangi, nenda, jaza tena hadi alama ile ile, kisha linganisha lita ulizolipia na masafa uliyokwenda. Ugumu wote umo katika hiyo alama ile ile. Tangi la pikipiki hukaa kama tandiko juu ya punda, mafuta yakigawanyika kulia na kushoto, hata chombo kilichoegemea mguu wa pembeni hakijai sawa na kilichosimama wima juu ya stendi kubwa. Povu nalo hudanganya macho, na pampu moja hukata mapema kuliko nyingine. Hata jua huinua mafuta shingoni, kwa kuwa petroli hutanuka karibu sehemu 1 katika 1,000 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na lita 20 zilizotoka baridi ardhini, zikipata nyuzi 20 zaidi, huongezeka kiasi cha lita 0.4. Tuseme makosa hayo yote yamefika lita moja. Katika mjazo mmoja wa lita 15 hilo ni kosa la karibu sehemu 7 katika mia, na hesabu imekwisha kuharibika. Lakini mwenye daftari akijumlisha mijazo kumi, ambayo ni lita 150, makosa hayawi kumi, kwa sababu kilichopungua katika mjazo huu hulipwa katika ule unaofuata, na yanabaki ya mwanzo na ya mwisho tu. Lita ile ile moja sasa haifiki hata sehemu 1 katika mia. Ndiyo maana simsadiki sana anayenitajia ulaji wa pikipiki yake baada ya tangi moja.

Daftari hilo ndilo linalotuwezesha kutenganisha usahihi na uthabiti, mambo ambayo katika mazungumzo huchanganywa. Dashibodi inayosema 5.0 kila mara daftari lisemapo 5.4 si sahihi, walakini ni thabiti, na mwenyewe akizidisha kwa 1.08 anaweza kuitegemea safari nzima. Ile inayopunguza leo na kuzidisha kesho haina dawa.

Juu ya vizio, kwetu Afrika Mashariki huulizwa lita moja inakwenda kilomita ngapi, Wajerumani huuliza kilomita 100 zinakula lita ngapi, na Waingereza, wanaonunua petroli kwa lita, bado huhesabu maili kwa galani, ambayo kwao ni lita 4.546 na kwa Wamarekani 3.785. Namna yetu naipenda kwa mazungumzo, ya Wajerumani kwa hisabu. Aliyekwenda kilomita 100 kwa 20 kwa lita, kisha 100 nyingine kwa 10 kwa lita, hujiona amepata wastani wa 15. Lakini ametumia lita 5 na lita 10, jumla lita 15 kwa kilomita 200, ambayo ni 13 na theluthi.

Madhara ya kuitegemea takwimu ya kitabuni huonekana katika masafa ya tangi. R 1250 GS Adventure ina tangi la lita 30, na kwa ile 4.75 ya kitabuni ingekwenda kilomita 631, ambazo zinatosha kumtoa mtu Moyale hadi Isiolo, kaskazini mwa Kenya, takriban kilomita 500, asisimame Marsabit. Lakini kaunti ya Marsabit ndiyo yenye mitambo 365 ya umeme wa upepo upande wa Ziwa Turkana, na upepo wa kusini-mashariki wa nchi ile humkabili ateremkaye kusini. Ulaji ukipandishwa na upepo, abiria na masanduku hadi lita 6.5, tangi hukauka kwenye kilomita ya 461, tena kabla ya hapo, maana kuna mafuta ya chini ambayo pampu haiyafikii. Mji wa Marsabit uko karibu na katikati ya njia, na petroli inauzwa.