Nyonyo, Kiluma na Maji ya Mvua: Historia ya Kuosha Nywele Kilungu

Kuosha nywele ndefu katika vilima vya Kilungu kumetegemea maji kuliko kitu kingine chochote. Vilima hivi vya Kaunti ya Makueni hufika mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari na hupata mvua ya milimita 800 hadi 1,200 kwa mwaka, kiasi kinachozidi kile cha nyanda za chini kuelekea Kibwezi. Mito kama Kaiti hupokea maji kutoka huku juu na kuyapeleka Athi. Hata hivyo, maji yanayoteremka bondeni si maji yaliyofika nyumbani. Kwa vizazi vingi wanawake waliyafuata mtoni na kuyapandisha mgongoni, chombo kikiwa kimeshikiliwa na mukwa, ukanda wa ngozi unaopita kichwani. Aliyepanda mlima na mzigo huo alikuwa na maji ya kupikia isyo (mahindi na maharagwe), ya kunywa, na ya mifugo michanga. Ya kumwaga kichwani yalikuwa machache mno, na kila kilichotumiwa badala ya sabuni au shampuu kimepimwa kwa kigezo hicho: kinahitaji maji kiasi gani ili kitoke.

Njia ya kwanza ya kukabiliana na uhaba huo ilikuwa kutofuga nywele kabisa. Mpaka mwanzo wa karne ya 20 wanawake wengi wa Kikamba walinyoa au waliacha nywele fupi sana, na kunyoa kuliambatana pia na uzazi na matanga, kama ilivyokuwa kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki. Watu wa vilimani waliona nywele ndefu hasa kwa majirani wao wa tambarare, morani wa Kimaasai. Nywele za morani zilisokotwa nyuzi nyembamba, zikapakwa mafuta ya mnyama na udongo mwekundu, na zikatunzwa hivyo mpaka sherehe ya eunoto, ambapo mama humnyoa mwanawe. Kazi yote ya kuzitunza ilifanywa na mafuta. Wanawake wa Kihimba wa Namibia, wanaoishi katika nchi kame zaidi, hufanya vivyo hivyo hadi leo kwa siagi na udongo mwekundu.

Wako wanaodhani kwamba kujipaka mafuta ni kufunika uchafu. Si kweli. Mafuta huyeyusha mafuta: jasho lililokauka, vumbi na nta ya kichwani hulainika vikipakwa mafuta mapya, kisha hutoka kwa chanuo au kwa kusuguliwa. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe, lakini kwenye nywele za kipilipili mafuta hayo hayashuki kwa urahisi hadi ncha, kwa kuwa kila unywele umejizungusha mara nyingi. Kwa hiyo kichwa huweza kuwa na mafuta huku ncha zikiwa zimekauka na kukatika. Mwenye nywele ndefu za aina hiyo ana haja ya kuongeza mafuta kuliko ya kuyaondoa, na hapo mmea mmoja wa Ukambani ulipata heshima yake.

Mmea huo ni mbarika, ambao Wakamba huuita mwaiki na mbegu zake mbaiki. Asili yake ni kaskazini-mashariki ya Afrika, na huota wenyewe kando ya maboma, njia na mashimo ya taka. Mafuta yake, mafuta ya nyonyo, yalitumika kulainisha mavazi ya ngozi, kupaka mwili na kupaka kichwa. Maganda yakishakauka na kupasuka, mbegu hupepetwa na kukaangwa hadi ziwe kahawia iliyokoza. Kisha hutwangwa kwenye kinu mpaka zishikane, zikachemshwa katika maji mengi. Mafuta huelea juu taratibu, yakaenguliwa kwa kata ya kibuyu na kuwekwa kwenye chungu kingine ili maji yaliyobaki yakauke. Chungu hulia kwa vishindo vidogo maadamu bado kuna maji ndani yake. Kikinyamaza, mafuta yameiva. Moto huo una kazi nyingine kubwa. Mbegu ya mbarika ina sumu kali iitwayo risini, ambayo haiyeyuki katika mafuta bali hubaki kwenye makapi, na joto la kutosha huiharibu. Makapi hayo si chakula cha kuku wala mbuzi, na mbegu mbichi si ya kuachiwa watoto.

Karibu asilimia 90 ya mafuta hayo ni asidi ya risinoleiki, ndiyo sababu ni mazito na yenye kunata kuliko ya nazi au ya alizeti. Uzito huo ni faida na hasara. Hushika unyevu kwenye unywele kwa siku nyingi, lakini yakizidi hukusanya vumbi, na kuyatoa kunadai kitu chenye povu.

Kilichotoa povu kabla ya sabuni kufika ni miti yenye saponini, kemikali za asili zinazoshika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine. Katika ukanda mkavu wa Afrika unaojulikana zaidi ni mjunju, ambao Wakamba huuita mulului. Magome, mizizi na nyama ya tunda lake vikipondwa na kukorogwa ndani ya maji hutoa povu la kuoshea. Mti huo ni wa nchi ya joto ya chini, wala haukui vizuri kwenye baridi ya vilele vya Kilungu. Nguvu yake haichezewi: maji ya magome yake hutumika mahali pengi kulevya samaki, na yakiingia machoni huchoma. Ethiopia ina mmea wake wa povu, endodi. Mwaka 1964 mwanasayansi Aklilu Lemma aliona huko Adwa kwamba konokono wa mtoni walikuwa wamekufa pale wanawake walipofulia kwa endodi, na kutokana na hapo ukazaliwa utafiti mrefu wa kupambana na kichocho. Sabuni ya kienyeji ni dawa kali pia, na aliyeitumia kichwani alijua kufumba macho.

Mpole kuliko yote ni kiluma, shubiri ya porini inayoota kwenye miteremko mikavu na kupandwa kama ua la boma. Si alovera inayouzwa madukani. Ni ya aina nyingine, yenye utomvu mwingi na ute kidogo. Jani likikatwa hutoa kwanza utomvu wa manjano, mchungu ajabu, unaowasha ngozi ya wengi na kuacha doa kwenye nguo. Jani husimamishwa, upande uliokatwa ukielekea chini, mpaka utomvu uishe. Ndipo huchanwa kwa urefu na ute wa ndani kukwanguliwa. Ute huo hautoi povu la maana na hauwezi kuondoa mafuta mazito ya nyonyo. Unachofanya vizuri ni kulainisha na kuteleza, hata fundo la nywele likafunguka kwa vidole bila kukatika. Kwa nywele ndefu hilo ni nusu ya kazi, kwa sababu nywele nyingi hupotea wakati wa kuchanua, si wakati wa kuosha.

Majivu ni habari nyingine. Maji yaliyochujwa kwenye majivu ya kuni yana chumvi za potasiamu zinazokata mafuta vizuri, na magadi kutoka Ziwa Magadi hufanya kazi ile ile. Vyote viwili vimekuwa jikoni kwa muda mrefu kwa ajili ya kulainisha mahindi na maharagwe. Kichwani vilifaa kwa aliyenyoa au mwenye nywele fupi za kuondolewa chawa. Kwa nywele ndefu ni maangamizi. Unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyopangwa kama vigae vya paa. Ngozi ya kichwa ina asidi kidogo, pH ya 5 hivi, na hali hiyo huyalaza magamba. Magadi hufika pH ya 10 hivi. Magamba husimama, unywele hufura, ncha hushikana na kukatika.

Sabuni ya kiwandani ilifika Kilungu kwa njia mbili zilizokaribiana. Desemba 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walianzisha kituo chao cha kwanza Nzaui, na katika mwaka uliofuata wakafungua vingine, kimojawapo Kilungu. Scott alikufa kabla ya mwaka 1896 kwisha, lakini misheni iliendelea, na pamoja na kusoma ikafundisha usafi wa mwili na nguo kwa sabuni. Njia ya pili ilikuwa reli ya Uganda, iliyopita kwenye tambarare chini ya vilima kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899. Kwenye vituo kama Makindu na Sultan Hamud wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka, na sabuni ikawa bidhaa ya kawaida kando ya sukari, chumvi na mafuta ya taa.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 sabuni ya kipande ndiyo iliyoosha nguo, vyombo, watoto na vichwa. Ilikuwa nafuu na ilikata nyonyo bila shida. Tatizo lilijitokeza palipokuwa na maji ya chumvi, kama ya visima vingi vya nyanda za chini za Makueni. Sabuni ya kawaida ikikutana na kalsiamu katika maji ya namna hiyo hugeuka utando wa kijivu usioyeyuka. Povu halitoki, na nywele hubaki nzito na zenye kunata hata zisuuzwe mara ngapi. Maji ya mvua hayana kasoro hiyo. Mabati yalipochukua nafasi ya nyasi kwenye mapaa, pipa chini ya mchirizi lilibadilisha uoshaji wa nywele pengine kuliko sabuni yenyewe, hasa katika mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo Ukambani huzitegemea zaidi kuliko zile za Machi hadi Mei. Asiye na maji ya mvua alikuwa na limau: asidi yake huyeyusha ule utando na kulaza tena magamba ya unywele. Matone machache katika kibuyu cha maji yanatosha, maana juisi tupu ya limau ni kali kupita kiasi.

Pwani palikuwa na ujuzi mwingine uliokomaa. Misafara ya Wakamba iliyopeleka pembe za ndovu Mombasa katika karne ya 19, zama za mfanyabiashara Kivoi aliyemkaribisha mmisionari Krapf mwaka 1849, ilifika kwa watu walioosha nywele kwa tui la nazi na kwa majani ya mkunazi yaliyopondwa. Majani hayo hutoa povu jepesi, na Oman pia huthaminiwa kwa kazi hiyo hiyo. Mnazi hauoti Kilungu, na ujuzi usio na malighafi yake haukwei mlima.

Ulaya nako tatizo la maji yenye kalsiamu lilichukua muda kutatuliwa. Hans Schwarzkopf alianza kuuza shampuu ya unga mjini Berlin mwaka 1903 na ya maji mwaka 1927. Katika miaka ya 1930 zikaja zilizotengenezwa kwa viosheo visivyo sabuni, ambavyo haviachi utando hata katika maji ya chumvi. Zilipofika madukani Kenya, wengi wa Kilungu hawakuwa na nywele za kuzihitaji. Shule nyingi za umma ziliwataka wasichana wakae na nywele fupi, na aliyemaliza shule akafuga aliziweka dawa ya kuzinyoosha, akamwachia msusi kazi ya kuziosha.

Nywele ndefu za asili zimerudi katika miaka ya karibuni, zikiwa za kusuka, za kuachia au za rasta. Septemba 2019 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Chacha Mwita, iliamua kwamba shule ya sekondari jijini Nairobi ilikosea kumzuia mwanafunzi wa imani ya Rastafari kwa sababu ya nywele zake. Pamoja na nywele hizo yamerudi maswali ya zamani ya nyumbani. Avokado, tunda linalostawi Kilungu, hupondwa na kupakwa. Hulainisha kweli kwa mafuta yake, ila lisipopondwa hadi liwe laini kabisa vipande vyake hudai maji mengi kuliko uchafu wenyewe. Yai huosha kiasi kwa sababu kiini chake kina lesithini, nayo hushika mafuta na maji kwa pamoja. Maji yawe baridi, kwani ya moto hulipika likiwa kichwani. Soda ya kuokea husifiwa sana bila kustahili: ni ndugu mpole wa magadi, na nywele ndefu zikizoeshwa soda hiyo kila wiki hukauka. Utaratibu unaozihifadhi hauna gharama. Nywele hugawanywa mafungu manne au zaidi, hupakwa mafuta usiku, hufunguliwa kwa ute wa kiluma asubuhi, huoshwa ngozi tu kwa povu kidogo, na husuuzwa kwa maji ya mvua. Mtungi mmoja wa lita 20 hutosha, na wiki mbili si muda mrefu kati ya kuosha na kuosha.

Kiluma chenyewe kimekuwa mali ya kulindwa. Uvunaji wa utomvu kwa ajili ya kuuza nje uliharibu shubiri za porini, na mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi akaagiza zihifadhiwe. Kanuni za mwaka 2007 ziliweka utaratibu wa vibali na wa kilimo chake. Aina zote za shubiri isipokuwa alovera zimo pia katika mkataba wa kimataifa wa CITES. Anayetaka kuuza ute wa kiluma inambidi aanze kwa kukipanda.

Mbarika haukuhitaji ulinzi, nao bado huota kando ya njia. Mafuta yake huuzwa Nairobi katika chupa ndogo zinazotoka Jamaika, meusi kwa sababu mbegu zimekaangwa kabla ya kutwangwa na kuchemshwa. Ujuzi huo ulivuka Atlantiki pamoja na Waafrika waliochukuliwa utumwani, na hatua zake ni zile zile za chungu cha Ukambani.