Kosa la nukta moja: jinsi mtumiaji wa seva alivyopata kuipanga nyumba yake

Aliyewahi kuhamia seva mpya anaijua adha yake. Umeingia kwa jina lako, skrini nyeusi inakusubiri, na hakuna kilicho mahali pake. Vifupisho vya amri ulivyozoea havipo, kihariri hakina rangi, na Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, inakuuliza wewe ni nani. Wiki nzima unakumbuka kimoja kimoja ulichokiacha kule ulikotoka.

Chanzo cha adha hiyo ni kosa dogo lililofanyika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maabara za Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipokuwa wakiujenga mfumo wa Unix. Kila saraka ilikuwa na majina mawili ya kudumu: nukta moja, yaani hapa hapa, na nukta mbili, yaani ngazi ya juu. Amri ya ls ilipoorodhesha faili, majina hayo yalijitokeza bila faida. Mmoja wao akaongeza sharti fupi: jina likianza kwa nukta, liruke. Ilipasa kulinganisha jina zima, lakini programu ilitazama herufi ya kwanza tu. Rob Pike, aliyefanya kazi katika maabara hizo, alisimulia kisa hiki mwaka 2012 na kueleza kwamba faili zilizofichwa hazikukusudiwa na mtu.

Waandishi wa programu waliuona mwanya huo wakautumia. Mipangilio ya mtumiaji ikawekwa katika faili zinazoanza kwa nukta: .profile, .cshrc, baadaye .bashrc. Hizo herufi rc zina umri mkubwa kuliko Unix yenyewe. Zimetokana na runcom, faili za amri za mfumo wa CTSS uliokuwa MIT katika miaka ya 1960.

Basi saraka ya mtumiaji, ambayo Unix huiita nyumba, ikajaa vyombo visivyoonekana. Watu walivinakili kwa mkono, na Git ilipozaliwa mwaka 2005 wengi wakavitunza humo. Lakini Git ilibeba faili tu. Programu zenyewe zilibaki za kusakinishwa upya, na katika seva ya watu wengi asiye msimamizi hana ruhusa hiyo. Ni kama mpangaji aliyehama na mapazia yake akakuta chumba hakina dirisha.

Wazo la kuponya hili lilianzia Norway. Mwaka 1993, Mark Burgess, mwanafizikia katika Chuo Kikuu cha Oslo, aliandika CFEngine ili kutunza kompyuta za idara yake. Badala ya kuiamuru mashine hatua kwa hatua, msimamizi alieleza hali anayoitaka, na programu ikaivuta mashine kuelekea hali hiyo. Ukiiendesha mara kumi, matokeo ni yale yale.

Eelco Dolstra wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, alikwenda mbali zaidi, na kwa maoni yangu kazi yake ndiyo kiini cha historia hii. Alianza kutengeneza Nix, kisimamizi cha kusakinisha programu, mwaka 2003 na kuitetea katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 2006. Kila programu hukaa ndani ya /nix/store katika saraka yake, ambayo jina lake huanza na herufi na tarakimu 32 zilizokokotolewa kutokana na vyote vilivyotumika kuijenga: msimbo wake, kompaila, maktaba, hadi chaguo dogo kabisa. Badilisha kimoja, jina linabadilika, na toleo jipya linakaa kando ya la zamani bila kuligusa. Msimamizi akishaiweka Nix, kila mtumiaji anaweza kuwa na programu zake bila kumvurugia jirani na bila kuomba ruhusa.

Juu ya msingi huo, Robert Helgesson alianzisha Home Manager mwaka 2017. Mtumiaji huandika faili moja, home.nix: nataka programu hizi, Git inijue kwa jina hili, kihariri kiwe hivi, huduma hii iendeshwe kwa jina langu. Akitoa amri ya home-manager switch, nyumba nzima hujengwa kwanza ndani ya hifadhi ya Nix, kisha viungo hupachikwa katika saraka yake. Home Manager ikikuta faili uliyoiandika kwa mkono mahali pale, inasimama na kukuambia badala ya kuifuta. Kila badiliko huzaa kizazi kipya, na ukiharibu unarudi kizazi cha jana. GNU Guix, mfumo wa aina ya Nix ulioanzishwa na Ludovic Courtès mwaka 2012, nao ulitoa huduma kama hiyo katika toleo lake la 1.4.0 mwaka 2022.

Lugha ya Nix ni ngumu, na ujumbe wake wa makosa humchosha hata mzoefu. Hata hivyo, kwa anayehudumia seva zaidi ya moja, jasho hilo linalipa.

Ila usiandike nywila ndani ya home.nix. Kinachoingia /nix/store kinaweza kusomwa na kila mtumiaji wa seva hiyo.